Watoto, simu na likizo: tunayodhani na hali ilivyo

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho simu ya mzazi iligeuka kuwa darasa: mazoezi yalikuja kwa WhatsApp, na redio na televisheni zikafundisha pamoja nayo. Leo simu hiyo hiyo ndiyo tunayogombania kila likizo, watoto wanaporudi kutoka bweni. Tunasema "Weka simu chini!" na mazungumzo yanaishia hapo. Nadhani yanaishia mapema kwa sababu tunayaanza na mambo tunayoyaamini ambayo si kweli.

"Kuna idadi ya saa inayomfaa kila mtoto."

Kwa watoto wadogo ipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa zaidi shirika hilo linashauri kupunguza tu, bila kutaja saa. Madaktari wa watoto wa Marekani nao waliacha kiwango chao cha saa mbili mwaka 2016. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa P6, yaani darasa la sita la msingi, saa peke yake haikuambii mengi. Tazama anavyolala: wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kijana saa 8 hadi 10. Tazama kama bado anatoka kucheza, na anachokifanya humo ndani. Kuongea na bibi yake aliye Arua kwa video si sawa na kupitisha muda huo huo kwenye video fupi zisizo na mwisho.

"Ukimwonya mapema atazima bila kulia."

Hili nami naliona la kushangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichunguza familia zenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitano na kutangaza matokeo mwaka 2016: onyo la "bado dakika mbili" lilizidisha ugomvi. Mtoto aliachia kwa urahisi pale ambapo kuzima kulikuwa desturi ya kila siku, au kipindi kilipokwisha chenyewe. Mzazi wa Uganda anaijua hali hii bila utafiti: umeme ukikatika au bando likiisha, mtoto analalamika kidogo kisha anaondoka, kwa kuwa hapo hakuna wa kubishana naye. Basi zima ile mipangilio inayoleta video nyingine yenyewe, na mkubaliane kabla hajawasha: katuni mbili, halafu kuoga.

"Nikimnyang'anya nimemaliza."

Hujamaliza. Kuna simu ya jirani, ya kaka mkubwa, na kuna kibanda cha video mtaani, ambako msimulizi anayeitwa VJ anatafsiri filamu kwa Kiganda na mara nyingi hakuna anayeuliza umri. Lakini linaloniumiza zaidi ni jingine. Mtoto anayejua kwamba adhabu ya kila kosa ni kupoteza simu hatakuambia siku mtu asiyemjua atakapomwomba picha. Atanyamaza, na yule mtu anautegemea sana ukimya huo. Kwa hiyo mwambie waziwazi, tena kabla jambo halijatokea: "Ukiona kitu cha kukutisha, njoo uniambie. Sitakupiga, na simu sitaichukua kwa sababu umeniambia." Akija kweli, shikilia neno lako, hata kama damu inachemka. Na jambo likiwazidi nguvu, namba 116 ya Sauti, huduma ya simu ya kusaidia watoto, hupigwa bila malipo kote Uganda.

"Mimi sijui mambo ya simu, nitamwambia nini?"

Akina mama wengi sokoni husema hivi, na akina baba huficha tu. Mtoto anajua vitufe, wewe unajua watu. Yeye hajui kwamba akaunti yenye picha ya msichana wa shule inaweza kuwa ya mtu mzima, wala kwa nini mchezo wa bure unamwomba namba yako ya simu. Anza kwa kumwomba: "Mwanangu, hebu nionyeshe unachokipenda humu." Keti, tazama naye hadi mwisho, usihukumu siku ya kwanza. Maswali yako yaje baadaye: nani huyu, mlijuana wapi, anakuomba nini?

Na tukiweka sheria, itubane na sisi. Mtoto hawezi kuacha simu wakati wa chakula ilhali baba anajibu ujumbe kwa mkono wa kushoto. Simu zote, ya mama ikiwemo, zichajiwe usiku sebuleni, mbali na vitanda.