Maana ya upekee unaopatikana kwa matumizi katika alama za biashara

Upekee unaopatikana kwa matumizi ni hali ambapo kitu cha kawaida, kama vile rangi au umbo la bidhaa, ambacho mwanzoni hakikufaa kusajiliwa kuwa alama ya biashara, kimetumiwa na mfanyabiashara mmoja kwa muda mrefu hata wanunuzi wakikiona wanajua kwamba bidhaa imetoka kwake na si kwa mwingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1994 inaruhusu alama ya namna hiyo isajiliwe, ila mzigo wa kuthibitisha upekee huo uko kwa mwombaji.

Uzito wa mzigo huo ulionekana wazi katika kesi ya Kit Kat. Chokoleti hii ilianza kuuzwa mwaka 1935 na kampuni ya Rowntree ya mjini York, ambayo ilinunuliwa na Nestlé ya Uswisi mwaka 1988. Mwaka 2010 Nestlé iliomba kusajili nchini Uingereza umbo la vidole vinne vilivyoungana, bila jina lolote juu yake, na Cadbury, kampuni shindani ya chokoleti, ikapinga. Nestlé ilitoa utafiti wa maoni ulioonyesha kwamba angalau nusu ya waliohojiwa, walipoonyeshwa picha ya umbo hilo tupu, waliitaja Kit Kat.

Ushahidi huo, ambao kwa wengi wetu ungetosha, haukutosha kisheria. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado mwanachama wake, ilieleza mwaka 2015 kwamba mwombaji lazima aonyeshe kuwa alama ile ile anayoiombea usajili, na si nyingine inayoandamana nayo, ndiyo inayowajulisha wanunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Kukumbuka kwamba Kit Kat ina umbo fulani ni jambo moja. Kulitegemea umbo hilo kuwa ithibati ya mtengenezaji ni jambo jingine kabisa. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu anaona karatasi nyekundu na jina lililoandikwa juu yake, na vidole vinne anaviona baadaye, akishalipa na kufungua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliikatalia Nestlé.

Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake, hudumu kwa miaka 20 kisha kila mtu akawa huru kuutumia uvumbuzi huo, lakini alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa tena na tena bila kikomo, kwa hiyo umbo la chakula likishasajiliwa laweza kuwafungia wengine mlango daima. Nchini Norway, kwa mfano, chokoleti nyingine yenye vidole vinne, Kvikk Lunsj, imekuwapo tangu mwaka 1937.

Jina Kit Kat halikuguswa na kesi hii: mtengenezaji wa chokoleti ya vidole vinne hazuiwi na usajili uliokataliwa, ila akiiandika Kit Kat bila idhini atakuwa amevunja haki ya mwenye jina.