Kwa nini zege lenye majivu hutaka kuchanganywa kwa makini zaidi?

Je, wajua kwamba mafundi wawili wakipewa simiti, mchanga, kokoto, majivu na maji kwa vipimo vilevile, wanaweza kutoa zege la nguvu tofauti kabisa?

Majivu yenyewe ni yale laini yanayonaswa katika moshi wa mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, kama ya India na Afrika Kusini. Hapa Uganda ndugu yake ni pozolana, jivu la volkano linalochimbwa magharibi na kule Kapchorwa, kisha likasagwa pamoja na simiti kiwandani. Kwa hiyo huenda mfuko ulionunua tayari una jivu.

Jivu hilo ukilitia maji peke yake halishiki. Simiti inapokutana na maji hutoa chokaa. Jivu huila chokaa hiyo na kutengeneza gundi ileile inayofunga kokoto. Jivu lisilofikiwa na chokaa hubaki vumbi. Na chembe zake, nyingi zikiwa chini ya sehemu ya 20 ya milimita, hupenda kushikamana. Vunja zege lililochanganywa harakaharaka utaona vidonge vya kijivu. Vikwaruze kwa ukucha, vinamomonyoka. Hapo ndipo ufa huanzia na maji hupenya kufuata nondo.

Ukitumia beleshi, changanya kavu kwanza. Geuza mpaka rangi iwe moja bila michirizi, ndipo utie maji kidogokidogo. Mashine ipe kama dakika 2 baada ya vyote kuingia.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuongeza maji zege likionekana gumu. Chembe za jivu la makaa ya mawe ni za mviringo, huteleza, na zege hulainika lenyewe likigeuzwa vya kutosha. Pozolana ina kingo kali, haitelezi hivyo, basi inahitaji subira zaidi. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu hushuka. Lakini usilizungushe mno kwenye jua kali: litaanza kukaza kabla hujalimwaga.

Nguvu ya jivu huja polepole. Siku ya 7 zege hili huwa nyuma ya lile la simiti tupu, kisha huendelea kupanda hata baada ya siku ya 28, mradi lisikauke. Slabu yake imwagilie siku 10 au zaidi.