Futi 23 za kazi gani?

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu niliyedhani ananielewa: "Fundi, nitafutie boti ya futi 23, nataka watoto wawe salama." Aliyo nayo ni faiba ya futi 15. Upepo wa alasiri uliwakuta katikati ya Ziwa Naivasha, mama watoto akalowa mpaka kilemba, na sasa hataki hata kuisikia boti ikitajwa. Dawa, kwa maoni ya bwana huyu, ni futi. Ukiogopa kidogo ongeza futi mbili, ukiogopa sana ongeza nane.

Nani aliwafundisha watu wa Nairobi kununua boti kwa urefu, kama kitambaa cha Eastleigh?

Kinachoizuia boti isilale upande mmoja ni upana, hasa upana wake pale maji yanapogusa ubavu. Irefushe boti kwa asilimia 20 bila kugusa upana, na ukaidi wake wa kukataa kulala utaongezeka kwa asilimia 20 hizo hizo. Ipanue kwa asilimia 20 bila kugusa urefu, na ukaidi unapanda kwa asilimia 73, maana upana unajizidisha mara tatu: 1.2 × 1.2 × 1.2. Ndiyo maana futi 17 yenye upana wa mita 2.1 hukaa imara kuliko futi 21 yenye mita 1.7, umbo likiwa lile lile. Wavuvi wa Pwani walilimaliza jambo hili zamani bila kikokotoo. Walipoona mtumbwi mwembamba unayumba waliutilia mirengu, yaani mbao za kuelea, pande mbili ukawa ngalawa. Hawakwenda kutafuta mti mrefu zaidi.

Lakini hesabu hiyo ni ya boti inayoanza kulala tu. Ukingo ukishachota maji, upana hauna la kukusaidia. Maji yakiingia ndani hayatulii, yanakimbilia upande ule ule uliokwisha kulemewa na kuongeza uzito hapo. Kwa hiyo pamoja na upana ninaangalia ubavu uliobaki juu ya maji, tena kote, si pale omo, yaani mbele, tu ambako kila mwenye boti ya kuuza hupiga picha. Angalia shetri, yaani nyuma. Boti nyingi zimekatwa chini sana pale injini inapokaa, kisha mtu anafunga nanga nyuma kwa sababu ndiko alikokaa yeye. Wimbi la kwanza la upepo linaingia miguuni. Nanga hufungwa omo. Nimesema hili mpaka nimechoka.

Na familia ni mzigo mgumu kuliko mzigo wowote, kwa sababu una miguu. Mifuko ya saruji haihami. Mtoto akinasa tilapia, baba anaenda kumsaidia, dada anaenda kuona, mjomba anasimama na simu apige picha, na kufumba na kufumbua kilo 250 ziko upande mmoja, nusu yake zimesimama. Sasa jaribu hivi kabla ya kulipa: jaza tangi, weka kasha la barafu na vyakula, funga boti gatini, halafu waweke watu wako wote upande mmoja. Pima ubavu uliobaki. Mimi ukibaki chini ya shibiri moja naikataa. Kwa nini shibiri? Hakuna kitabu kilichoniambia, ni kipimo changu na mtu anaweza kubishana nacho. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Idadi ya watu: urefu kwa futi, mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 16 kwa 6 ni watu sita. Ni kanuni ya Wamarekani kwa boti ya tumbo moja isiyofika futi 20, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Jaketi okozi, kila mtu yake na ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto. Hilo sitalieleza.

Injini ndipo watu wanapotupa pesa. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ile ya nguvu farasi 60 uliyolipia inasukuma kama 50 hivi. Ukiiweka kwenye boti kubwa zaidi, boti haipandi juu ya maji. Inalima, pua angani, shetri chini, inakunywa mafuta. Mwenyewe anasema injini ni mbovu, ananunua 90, na sasa ameongeza uzito shetri, pale pale palipokuwa chini.

Anza na propela. Kama kitabu cha injini kinataka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika ukikaba mafuta yote, nawe umejaza watu unapata 4,600, punguza hatua ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja ya hatua inakurudishia mizunguko kama 200. Nguvu iliyopotea hairudi, ila iliyobaki inafanya kazi. Halafu Desemba mtu anaivuta boti hiyo hiyo mpaka Kilifi kutafuta nguru, na propela ile ile ya Naivasha. Kule hewa ni nzito, nguvu imerudi yote, injini inazunguka kupita kiasi. Nunua propela mbili. Ni bei ndogo kuliko pistoni. Ziwa Victoria, mita 1,134, liko katikati na siwezi kukupa jibu nikiwa hapa Eneo la Viwanda, tunajaribu majini. Na ndiyo, injini ya kisasa yenye sindano za kunyunyizia mafuta hujipimia mafuta ikiwa juu, haitoi moshi na kuchafua plagi kama zile za zamani za kabureta. Lakini kujipimia mafuta si kujitengenezea hewa.

Kuivuta je? Futi 23 pamoja na injini, mafuta na trela hufika tani mbili kirahisi, na bado kuna mteremko wa Mai Mahiu, na malori. Trela isiyo na breki zake siifungi kwenye gari la mtu. Mkifika ziwani, kunyweni chai kwanza. Beringi zikiwa za moto ukizichovya kwenye maji baridi, zinavuta maji ndani, na zitakufia njiani ukirudi Jumapili usiku.

Nilimwambia bwana yule achukue futi 17 au 18, upana usipungue mita 2.1, kingo za juu, na awe amerudi nchi kavu kabla upepo wa mchana haujaamka. Anasema nataka kumuuzia boti ndogo. Fundi gani anapata faida kwa kuuza kidogo?

Ninachojibizana nacho mwenyewe ni tumbo la boti. Tumbo bapa linatulia mkivua, watoto wanatembea bila kuyumba, lakini mawimbi mafupi ya ziwani yanalipiga mpaka meno yanagongana. Tumbo la umbo la V linayakata vizuri, ila likisimama linayumba, na uvuvi mwingi ni kusimama. Kwa Naivasha peke yake, asubuhi, naegemea bapa. Kwa anayetoka nje ya miamba Kilifi, V, na watoto wakae chini. Anayetaka moja ya kwenda kote kuwili, nimewahi kumpa ushauri wa aina zote mbili, na kila upande ulirudi na malalamiko yake.