Eti walilala

Juzi harusini, nina sahani ya pilau mkononi, jamaa kaanza tena: "Ila nyie wahasibu na wateja wenu mlilala bwana, kipindi cha Korona serikali ya Marekani inamwaga hela, wenzetu wanachota, migahawa yetu inafunga tu." Nimechoka. Nafanya mahesabu ya migahawa ya Waafrika hapa Minneapolis miaka kumi na kitu sasa, ngoja niongee.

PPP, ule mpango wa serikali wa kusaidia biashara ndogo kipindi cha Korona, haikuwa zawadi, ilikuwa mkopo unaosamehewa ukifuata masharti. Mfuko wa kwanza, dola bilioni 349, ulikauka ndani ya siku 13 tu Aprili 2020, na benki nyingi zilianza na wateja zinaowajua. Mama ntilie wa keshi, ambaye hajawahi kuongea na afisa mikopo, angeanzia wapi? Haya.

Kinachonichoma roho ni Schedule C, fomu ya kodi ya biashara ya mtu binafsi, mstari wa 31, wa faida. Kama biashara ni yako binafsi, mkopo ulipigwa kwa faida halisi, sio mauzo. Sasa mzee mmoja mteja wangu, anapika na mkewe, hana wa kumlipa mshahara, mbuzi anauza bei ya kuhurumiana, madereva teksi wanakula wanaandikwa kwenye daftari lenye mafuta mpaka kurasa zimeshikana, nusu hawarudi. Mwisho wa mwaka karatasi inasoma faida dola 6,000. Februari 2021 tukaomba mkopo wa pili: gawa kwa 12, zidisha 3.5 kwa sababu ni mgahawa, jibu 1,750. Pango la mwezi halitoshi! Machi serikali ikabadili, ukaruhusiwa kutumia mstari wa 7, yaani mapato kabla hujatoa pango, umeme na makorokoro mengine. Wake ulikuwa 84,000. Piga mwenyewe, ni 24,500. Ila haikurudi nyuma, aliyeshapewa kashapewa, basi. Huyu ndo alilala?

Ule mfuko wa migahawa wa 2021, bilioni 28.6, ndo ulikuwa hela ya bure kweli, na siku 21 za kwanza kipaumbele kilikuwa kwa wanawake, maveterani na jamii zilizoachwa nyuma. Watu wakaenda mahakamani wakasema ni ubaguzi, kipaumbele kikafutwa, na waombaji karibu 3,000 walioshaambiwa mmekubaliwa wakaambiwa samahani. Mfuko ukaisha.

Sasa kitu ambacho harusini sikukisema. Ile faida ya 6,000, niliyeishusha ni mimi. Risiti zote halali kabisa, kodi ikawa kiduchu, mzee akanishukuru na kunifungia sambusa. Siku hizi nawaambia wateja wasikamue sana karatasi, benki inaangalia hapohapo, lakini kodi nayo wanailipa leo na janga lingine sijui lini, kwa hiyo sina uhakika nawashauri vizuri. Mwaka huu mzee kaja na boksi lake la risiti, "mwanangu, punguza." Nikapunguza.