Ahadi za Copenhagen hazikuwa bahasha

Pale Deep Sea, Tanga, mama mmoja anayekaanga samaki alisikia redioni habari za mkutano wa dunia wa maendeleo ya jamii uliofanyika Doha, Qatar, Novemba 2025. Akageuza changu kwenye karai, akaniuliza: "Haya mwanangu, hizo hela za kuondoa umaskini zinaliwa na nani njiani?"

Swali tamu, ila limesimama juu ya dhana potofu. Hakuna kapu la hela lililojazwa kule. Mwaka 1995 wakuu wa nchi na serikali 117 walikutana Copenhagen, Denmark, kwenye mkutano wa kwanza wa aina hiyo, wakatoka na ahadi 10. Ya pili ni kuutokomeza umaskini. Doha ilirudi kwenye ahadi hizohizo. Lile la Copenhagen lilikuwa azimio, si mkataba wa kisheria, na (hapa ndipo wengi tunapopitwa) mwenye deni la kwanza ni kila serikali kwa watu wake. Hata mgawanyo ulipendekezwa, kwa hiari: nchi tajiri ielekeze asilimia 20 ya misaada yake kwenye huduma za msingi, kama afya na elimu, na nchi inayopokea itenge asilimia 20 ya bajeti yake kwa huduma hizohizo.

Kwa hiyo swali la mama lina mlango wa karibu zaidi. Sheria yetu inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

"Kumbe ni ushuru wangu huu huu," akasema, akaopoa changu.