Na walikula nini?

Kila nikifundisha habari za Uholanzi chini ya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, wanafunzi huanza na swali lile lile: Wayahudi walifichwa wapi? Darini, chini ya sakafu, nyuma ya kabati la vitabu. Kabati hilo wanalipenda sana. Nami huwarudishia swali langu: na walikula nini?

Wakati wa vita, chakula karibu chote nchini humo kiliuzwa kwa kuponi, na kuponi zilimfuata mtu aliyeandikishwa. Myahudi aliyekimbia wito wa kusafirishwa kambini angejipelekaje ofisi ya mgao? Kwa hiyo aliyempokea alikuwa na njia tatu: apunje sahani za wanawe, anunue kwa magendo, au atafute kuponi za wizi. Njia mbili za mwisho zilihitaji watu wengine, na kila anayejua ni mdomo mmoja zaidi. Kikapu kilichojaa kuliko idadi ya watu wa nyumba kilitosha kuzua umbea. Mwaka 1943, Amsterdam, wasaka-watu walilipwa gulden (fedha ya Uholanzi) 7.50 kwa kila Myahudi waliyemkamata.

Kuponi za wizi zilikuwa na mtandao wake. Helena Kuipers-Rietberg, mama wa watoto watano kutoka Winterswijk aliyejulikana kama Shangazi Riek, alishirikiana na mchungaji Frits Slomp kuanzisha chama cha siri cha kuwasaidia waliojificha. Wenzao wenye silaha walivamia ofisi za mgao na kubeba kadi. (Wengi waliofaidika walikuwa vijana wa Kiholanzi waliokwepa kazi za lazima Ujerumani, Wayahudi walikuwa sehemu ndogo tu, jambo linalosahaulika.) Shangazi Riek alikamatwa, akafia Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake Ujerumani, Desemba 1944.

Wayahudi wapatao 28,000 walijificha Uholanzi. Takriban 16,000 walinusurika.

Sasa turudi kwenye lile kabati lililoficha mlango, Prinsengracht 263, Amsterdam, alikojificha Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara maarufu. Nyuma yake walikuwa watu wanane. Miep Gies, mfanyakazi wa ofisi iliyokuwa sehemu ya mbele ya jengo hilo, alibeba mboga. Mumewe Jan alileta kuponi. Bep Voskuijl alishughulikia mkate na maziwa. Mboga zilitoka duka la jirani la Hendrik van Hoeve, ambaye hakumhoji Miep kwa nini ananunua nyingi hivyo. Viazi Van Hoeve alivileta mwenyewe saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wa ghala wakiwa wametoka.

Huenda hakuhitaji kuuliza, maana naye alikuwa amewaficha Wayahudi wawili kwake. Alikamatwa Mei 1944. Siku hiyo hiyo Anne aliandika katika shajara yake mpango mpya wa mama yake: kifungua kinywa kifutwe, mchana uji na mkate, usiku viazi vya kukaanga.