Je, wajua kwa nini kivinjari huendelea kujifunga ghafla hata baada ya kusakinishwa upya?

Watu wengi ambao kivinjari chao hujifunga chenyewe kila mara hukimbilia dawa moja: hukiondoa kwenye kompyuta, hukisakinisha upya, kisha husubiri kuona kama tatizo limekwisha. Mara nyingi tatizo huwa palepale, na mwenye kompyuta huanza kuamini kwamba mashine yenyewe imefikia mwisho wake. Sababu ni kwamba kivinjari kina sehemu mbili zinazokaa mahali tofauti kwenye diski. Ipo programu yenyewe, ambayo ndiyo inayoondolewa, na upo wasifu wa mtumiaji, yaani folda yenye alamisho, manenosiri, historia, mipangilio na viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari), ambayo kwa kawaida huachwa ili mtu asipoteze vitu vyake. Programu mpya ikifunguliwa huikuta folda ileile ya zamani, na kama ubovu ulikuwa humo, huupokea pamoja na vingine vyote. Hata anayeifuta folda hiyo, ikiwa amewasha usawazishaji wa akaunti, yaani kuhifadhi vitu vyake mtandaoni kupitia akaunti ya kivinjari, hurudishiwa viendelezi vyake mara tu anapoingia.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, inafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichoanguka. Vivinjari vya zamani viliendesha kurasa zote katika mchakato mmoja, yaani kama programu moja inayoendeshwa na kompyuta, kiasi kwamba ukurasa mmoja mbovu uliweza kuviangusha pamoja na kazi zote zilizokuwa wazi. Chrome, iliyotolewa mwezi Septemba 2008, ilikuja na mpangilio wa kugawa kazi katika michakato mingi inayojitegemea, na Firefox ilianza kugawa kurasa zake katika michakato kadhaa kuanzia toleo la 54 la mwaka 2017. Mgawanyo huo ndio unaotupa dalili ya kwanza. Ikiwa dirisha limebaki wazi na ni kichupo (tab) kimoja tu kinachoonyesha ujumbe wa hitilafu, aliyekufa ni mchakato wa ukurasa huo, na pengine tovuti yenyewe ndiyo nzito au mbovu. Ikiwa dirisha lote limetoweka, ni mchakato mkuu uliosimama, na hapo mtu atazame viendelezi, wasifu au programu nyingine za kompyuta. Skrini ikimetameta au ikiwa nyeusi kwa muda kisha ikarudi, mshukiwa wa kwanza ni upande wa michoro. Na kompyuta nzima ikiganda au ikijiwasha upya, kivinjari huenda hakina kosa lolote.

Sababu inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni kumbukumbu, yaani RAM, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Kila mchakato unahitaji sehemu yake ya kumbukumbu, na idadi ya michakato imeongezeka kwa sababu za usalama. Mwezi Januari 2018 zilitangazwa dosari za vichakataji (CPU, ubongo wa kompyuta) zilizoitwa Spectre na Meltdown, ambazo zingeweza kutumiwa kuiba data iliyo kwenye kumbukumbu, na mwaka huohuo toleo la 67 la Chrome likaanza kuzitenga tovuti mbalimbali katika michakato tofauti kwa karibu watumiaji wote wa kompyuta, hatua ambayo Google yenyewe ilieleza kwamba iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Hata hivyo, kivinjari kinaweza kufa kwa kukosa kumbukumbu wakati RAM bado ina nafasi. Windows huhesabu kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa, si ile iliyokwisha kutumika peke yake, na ukomo wa ahadi hizo ni jumla ya RAM na faili maalumu lililo kwenye diski (pagefile) ambalo hupokea ziada. Ukomo huo ukifikiwa, programu inayoomba zaidi hunyimwa, na kivinjari kilichonyimwa kumbukumbu mara nyingi hakina njia nyingine ila kusimama. Wahandisi wa Firefox walilitambua jambo hili na katika toleo la 105, lililotoka mwezi Septemba 2022, waliifundisha programu ivute subira kidogo na kuomba tena, kwa kuwa Windows huwa inalipanua faili hilo wakati huohuo. Vifo vinavyotokana na kukosa kumbukumbu vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70. Ndiyo maana ushauri wa kulizima faili hilo ili kompyuta iwe na kasi ni ushauri mbaya, na ndiyo maana diski iliyojaa hadi ukingoni inaweza kuangusha kivinjari ingawa mambo hayo mawili hayaonekani kuhusiana. Liache faili hilo lisimamiwe na Windows yenyewe, na uache nafasi ya kutosha kwenye diski.

Anayetaka kujua ni ukurasa gani unaokula kumbukumbu anaweza kubonyeza Shift na Esc kwa pamoja ndani ya Chrome, kwenye Windows au Linux, au kuandika about:processes katika upau wa anwani wa Firefox. Hapo vichupo na viendelezi huorodheshwa pamoja na kiasi ambacho kila kimoja kinatumia. Inafaa pia kuhakikisha kwamba kivinjari ni cha biti 64, kwa sababu mchakato wa biti 32 hauwezi kufikia zaidi ya GB 4 hata kompyuta iwe na RAM nyingi kiasi gani.

Viendelezi huchunguzwa kwa njia rahisi. Fungua Chrome katika hali fiche (Incognito), ambamo viendelezi huwa vimezimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe, au shikilia kitufe cha Shift unapoifungua Firefox ili ikupe hali ya kutafuta hitilafu. Kivinjari kikitulia humo, rudi katika hali ya kawaida, zima nusu ya viendelezi na utazame. Kikiendelea kuanguka, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki hai. Kikitulia, yumo katika nusu uliyoizima. Hata mwenye viendelezi 16 atampata kwa raundi nne, nayo ni kazi nyepesi kuliko kuvijaribu kimoja kimoja.

Ikiwa viendelezi havina hatia, unda wasifu mpya bila kuufuta ule wa zamani, na usiingie katika akaunti yako kwanza. Kivinjari kikifanya kazi vizuri humo, hamishia alamisho na manenosiri peke yake. Kufuta akiba ya kurasa (cache), ambako hushauriwa kila mahali, husaidia tovuti isiyofunguka sawasawa, lakini ni nadra kutibu kivinjari kinachojifunga.

Programu nyingine nazo huingiza msimbo wao ndani ya kivinjari, hasa baadhi ya antivairasi. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba watumiaji wa Chrome kwenye Windows walio na programu za aina hiyo walikuwa na uwezekano wa kuangukiwa na kivinjari uliozidi wa wengine kwa asilimia 15. Isasishe antivairasi kabla ya kufikiria kuibadilisha. Kwa upande wa michoro, zima uongezaji kasi wa maunzi (hardware acceleration), yaani kuikabidhi kadi ya michoro kazi za picha na video, katika mipangilio na ufungue kivinjari upya. Kikipona, sasisha draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha, kutoka kwa mtengenezaji wake kisha uuwashe tena, kwa maana bila huo kichakataji hubeba mzigo wote wa video na kompyuta hupata joto. Wenye Windows 7, 8 na 8.1 wajue kwamba Chrome iliacha kuwahudumia kuanzia toleo la 110, mwezi Februari 2023, hivyo kivinjari chao hakipati tena marekebisho yoyote.

Kinachobaki ni maunzi. Ikiwa kivinjari huanguka bila mpangilio, leo kwenye ukurasa huu na kesho kwenye mwingine, na programu nyingine nazo hujifunga, pima RAM kwa chombo cha upimaji kilichomo ndani ya Windows au kwa MemTest86, ambayo huendeshwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaanza. Kichakataji pia kinaweza kuhusika: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kompyuta za mezani vya kizazi cha 13 na cha 14 vilikuwa vikipata volteji iliyozidi na kuangusha programu, ikatoa marekebisho yanayopatikana kwa kusasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Kipimo cha RAM kikionyesha hata kosa moja, na kompyuta ina vipande viwili, izime, toa kimoja, kisha upime tena. Rudia kwa kile kingine, na kitakachotoa makosa ndicho cha kubadilishwa.